Mwenye Kidonda na Nafasi Yake Safuni

Kidonda changu kipo mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani. Ni cha mishipa: damu haipandi vizuri kurudi moyoni, mguu unavimba, ngozi inakuwa nyeusi na kukakamaa, na ikichubuka haifungi. Maumivu nimeyazoea. Nisichoweza kukizoea ni majimaji yanayolowesha bandeji hadi kwenye kanzu, na harufu inayonitangulia.

Ndiyo maana swali linalonikosesha usingizi ni la tohara. Mtu asiyekauka atasimamaje mbele ya Mola wake?

Fikihi imelijibu zamani. Sisi Mashafi wa Tanga tumefundishwa kuosha palipo pazima, kupangusa juu ya bandeji na kutayamamu kwa pale pasipofikiwa na maji. Na majimaji ya kidonda hayatengui udhu, ila tayamamu hurudiwa kwa kila swala ya faradhi. Sayyidna Umar, alipochomwa jambia mwaka 644 kisha akazinduka, aliswali Alfajiri yake huku jeraha likivuja damu.

Sheria, basi, haijanitoa safuni. Watu ndio wanaonisukuma, tena kwa upole. Jirani yangu anaacha upenyo wa mtu mzima kati yetu. Mzee mwenzangu alinishika mkono akaniambia, "Mwalimu, wewe una udhuru, swali tu nyumbani." Alikusudia wema. Lakini mtu akishaambiwa hivyo msikitini, haendi tena harusini, hapandi daladala ya mchana, na wajukuu wakija anakaa kiti cha mbali. Maisha yanabaki chumba kimoja.

Hoja yao naijua: aliyekula kitunguu saumu amekatazwa kuukaribia msikiti, na wapo wanazuoni waliomtia mwenye jeraha linalonuka katika hukumu hiyo. Siipuuzi, anayeswali karibu nami naye ana haki yake. Ila harufu ya kidonda inatibika. Mke wangu analowesha bandeji kwa maji ya chumvi ya vuguvugu mpaka iachie yenyewe, isichune nyama mpya. Kisha anasaga vidonge vya Flagyl kwa mgongo wa kijiko na kunyunyiza unga wake, kama alivyoelekezwa na muuguzi, na baada ya siku chache harufu inapungua sana. Bandeji ya kubana nayo inashusha uvimbe. Kinachokosekana ni hela ya kununua vitu hivi mwezi baada ya mwezi. Kwa hiyo wajibu wa jamaa unaanzia duka la dawa, kabla ya mlango wa msikiti.

Tunahimizwa subira, tunapigiwa mfano wa Nabii Ayubu. Ni mfano mzuri, lakini usomwe wote. Ayubu alimlilia Mola wake kwamba dhara imempata, na bado Qurani inamsifu kwa subira. Akaambiwa apige ardhi kwa mguu wake, na hapo palikuwa na maji baridi ya kuoga na kunywa. Kilio hakikumpunguzia imani, na rehema ilimjia kwa maji ya kuoshea mwili. Anayeniusia subira huku akinikwepa ameshika nusu ya kisa.

Ndugu yangu, mwenye kidonda akiingia msikitini kwenu, msogelee mpaka bega liguse bega. Akikosekana Ijumaa, mwendee, na usiende mikono mitupu: mpelekee bandeji. Nanyi mnaoshika sanduku la msikiti, mkishanunua mazulia na feni, tengeni fungu la dawa za vidonda.