Aliyelala Chini ya Merikebu

Somo: Yona 1:4–13

Dhoruba ilipoishukia merikebu iliyotoka Yafa kwenda Tarshishi, mabaharia walifanya walichozoea kufanya. Kila mmoja alimlilia mungu wake, kisha wakaanza kutupa shehena baharini. Merikebu ikawa nyepesi, dhoruba haikupungua. Shehena ile ilikuwa mali ya watu, na haikuwa na kosa lolote. Mwenye kosa, Yona, alikuwa chini kabisa, amelala fofofo.

Nimeikumbuka shehena hiyo kwa sababu ya kompyuta ya ofisi ya usharika. Tangu Kwaresima ilikuwa nzito: katibu akiandika jina la bwana harusi kwenye tangazo la ndoa, herufi zilitokea yeye ameshamaliza na jina la bibi harusi. Feni ilivuma hata kama hajafungua kitu. Ushauri haukukosekana. Futeni picha, ondoeni video za mkutano wa injili, na ikishindikana pigeni Windows upya. Picha zikafutwa kweli, zikiwamo za kipaimara cha mwaka jana. Uzito ukabaki palepale.

Mwanakwaya mmoja anayesomea kompyuta chuoni ndiye aliyeomba tusifute kingine kwanza. Alibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ikafunguka Task Manager, orodha ya kila kinachofanya kazi ndani ya mashine, pamoja na visivyoonekana kwenye skrini. Juu ya orodha lilikaa jina ambalo hakuna mtu ofisini aliyewahi kulifungua: WMI Provider Host. Mzee wa kanisa aliyekuwa amesimama nyuma yake akasema, "Basi huyo muue." Kijana akabonyeza End task. Feni ikanyamaza. Chai haijamiminwa, feni ikavuma tena, na jina likawa limerudi.

Huyo si adui. Ni sehemu halali ya Windows, na kazi yake ni kujibu maswali. Programu nyingine ikitaka kujua diski imebakiwa na nafasi gani, betri ina hali gani, au printa imeunganishwa, huulizia kwake. Akiulizwa mara moja hujibu na kutulia. Akiulizwa mfululizo, nguvu ya prosesa huishia kwenye majibu, na wewe unayetaka kuandika tangazo unasubiri. Ukimfunga, swali linalofuata linamwamsha. (Wapo pia wanaotishwa na System Idle Process kwa kuwa inaonyesha asilimia 90 na zaidi; ile ni hesabu ya muda ambao prosesa haina la kufanya. Hata uvivu wa mashine umewahi kusingiziwa.)

Kijana akaiacha orodha, akafungua Event Viewer, mahali Windows inapojiandikia yanayotokea ndani yake, akashuka ngazi kwa ngazi hadi WMI-Activity. Humo, kwenye taarifa za makosa, kuna ClientProcessId ikifuatwa na namba: namba ya anayeuliza. Akarudi nayo Task Manager akaitafuta kwenye safu ya PID. Kumbe ni kiprogramu kilichoingia pamoja na printa tuliyokwisha kuigawa zamani. Printa haipo, chenyewe kimebaki kinaiulizia usiku na mchana. Kiliondolewa, na herufi zikaanza kwenda na vidole. Picha za kipaimara hazikurudi.

Wengi huja kwa mchungaji na jina lililo juu ya orodha. "Mwombee baba watoto, hasira zimemzidi, jana amewafokea watoto kwa sababu ya kijiko." Tunaomba, tunaikemea roho ya hasira, nyumba inatulia Jumapili, Jumanne vyombo vinaruka. Nasema hivi nikiwa naamini maombi. Lakini hasira ile inamjibu mwingine, na siku hizi mara nyingi anayeuliza ni mkopo, hasa ule wanaouita kausha damu, uliochukuliwa mke hana habari, marejesho yake kila siku. Asubuhi simu inaita, anatoka nje kupokea, anasogea hadi kwenye mpapai ili asisikike. Akirudi ndani kijiko kinaanguka.

Hapo wauzaji nao hawakosi. Zipo programu zinazotangazwa kuwa zitaipa kompyuta wepesi kwa kubonyeza mara moja, na nyingi zenyewe hujificha nyuma zikila prosesa. Wanaouza chumvi na mafuta ya kufungua ndoa wanaijua vizuri biashara hiyo, na sioni sababu ya kuwastahi.

Niseme pia kwamba si kila uzito una mkosaji. Kwenye kompyuta za Mac kuna kernel_task, ambayo huonekana imeishika prosesa yote. Apple wenyewe wanaeleza kuwa moja ya kazi zake ni kuzipunguzia programu nafasi ili mashine isipate joto kupita kiasi. Inapunguza mwendo ili iilinde. Mtu aliyemzika mama yake mwezi uliopita na sasa haamki mapema, haimbi, anajibu kwa mkato, msimtafutie dhambi. Eliya alilala chini ya mretemu akiomba afe, na malaika hakumhoji. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha akampa tena. Swali la unafanya nini hapa lilikuja baadaye sana, mlimani Horebu.

Yona yeye aliulizwa, na wa kwanza kumwendea ni nahodha, aliyeshuka mwenyewe hadi alipolala badala ya kutuma mtu. Kisha mabaharia wakamhoji: kazi yako nini, umetoka wapi, nchi yako ipi, kabila lako lipi. Alipokiri, na hata alipowaambia wamtupe, hawakukimbilia kumtupa. Walishika makasia kwa nguvu zao zote ili wamfikishe nchi kavu. Watu hawa walikuwa hawamjui Mungu wa Yona, na walikuwa wamepoteza mali kwa sababu yake. Mke atakayeambiwa habari za mkopo wiki hii ana haki ya kukasirika, lakini naomba akumbuke makasia yale.

Jumatano baada ya ibada ya jioni ofisi itakuwa wazi. Mwenye jambo la marejesho aje, peke yake au na mwenzake, na aje na karatasi za mkopo kama anazo. Mhazini wetu, aliyewahi kufanya kazi benki, amekubali kukaa nasi tuzipitie hesabu.