Haki ya Kuthubutu

Katika mtaa wa Kangemi jijini Nairobi, ndani ya ua wa Shangilia Mtoto wa Afrika, makao yaliyoanzishwa na Anne Wanjugu mwaka 1994, kuna uwanja wa zege wa kuchezea skeitibodi uliojengwa kwa msaada wa shirika la Kijerumani la skate-aid. Mtoto anayesimama ukingoni mwa mteremko wake, mguu wa nyuma umekanyaga mkia wa ubao na magurudumu ya mbele yananing'inia hewani, ana swali la kale: arudie anachokiweza, au ajitupe kwenye asichokiweza? Tumezoea kuwagawa watu makundi mawili, watulivu na majasiri, kisha kila mmoja akachagua kundi lake. Nadhani mgawanyo huo ni wa uongo. Uthabiti ndio unaompa mtu haki ya kuthubutu, na uthabiti usiothubutu kamwe hubaki kuwa mazoea tu.

Tuanze na mteremko wenyewe. Anayeshuka lazima autupe uzito wake wote mbele na kuukanyaga ubao kwa nguvu. Akisita katikati na kuegemea nyuma, ubao humponyoka miguuni naye huanguka chali. Kwa hiyo hatari kubwa zaidi iko kwenye kuthubutu nusunusu. Lakini kujitoa kikamilifu hakuji kwa kuamriwa. Huja kwa sababu miguu imekwisha kuzoea mteremko mfupi, kisha wa kadiri, na magoti yenye pedi yamejifunza kutua na kuteleza pale mambo yanapoharibika. Aristotle aliuweka ujasiri kati ya woga na upumbavu wa kujirusha, na akafundisha kwamba fadhila hupatikana kwa kutendwa tena na tena. Mtoto wa Kangemi hahitaji kumsoma ili kuligundua hilo; mwili wake umeshalijua.

Atakayepinga atasema kwamba mashindano makubwa hushindwa na wanaobahatisha. Kwenye fainali ya skeitibodi ya mitaani katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Yuto Horigome wa Japani alikosa mitindo mitatu kati ya mitano, na kabla ya jaribio la mwisho hakuwa hata kwenye nafasi ya medali. Akalipata jaribio hilo kwa alama 97.08, akachukua dhahabu kwa tofauti ya alama 0.10 tu. Ni kweli, pale alihatarisha kila kitu. Ila tuzihesabu alama zake zote: 281.14 zilijengwa pia na mzunguko wa 89.90, ambao ni sekunde 45 za kutokosea, na mtindo mwingine wa 94.16. Bila mzunguko ule safi, hata 97.08 zisingemfikisha popote. Kinyume chake ni mashindano ya pikipiki za kupita juu ya mawe na magogo, ambako mguu kugusa chini huleta alama za adhabu, na mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Utadhani mchezo huo ni wa waoga, kumbe hakuna anayepita jiwe refu bila kugusa chini kama hajawahi kulijaribu na kushindwa.

Dini nazo huvutwa huku na huku katika swali hili. Wapo wanaoikumbuka hadithi iliyopokewa na Bi Aisha kuhusu matendo yanayodumu, hata yakiwa machache, na wapo wanaomkumbuka mtumwa wa Mathayo 25 aliyeizika talanta ya bwana wake kwa hofu akakemewa. Sioni mgongano. Katika mfano ule bwana alirudi baada ya muda mrefu, na wale watumwa wengine wawili waliosifiwa walikuwa wakifanya biashara, ambayo siku zote huweza kuleta hasara. Walidumu katika kuthubutu.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya kuthubutu ni ya fedha. Mkono wa mtoto wa Kangemi ukivunjika, gharama humwangukia mama, ambaye hakuulizwa. Hoja hii naikubali, na ndiyo inayonipa kipimo: hatari ni halali pale bei yake inapoweza kulipwa na yule aliyeichagua, na pale kuanguka kunapomwachia nafasi ya kujaribu tena. Ndiyo maana kudandia nyuma ya matatu ukiwa na viatu vya magurudumu kwenye Waiyaki Way si ujasiri hata kidogo. Dereva hakukubali kushiriki, anayefuata nyuma hana pa kukwepea, na kosa la kwanza linaweza kuwa la mwisho. Mteremko wa zege, pedi za magoti na kofia ngumu huishusha bei ya kuanguka hadi kiasi ambacho mtoto mwenyewe anaweza kukilipa kwa mchubuko.

Basi wanaowalaumu vijana kwa kucheza barabarani wajiulize kwanza wamewatengea wapi. Jumapili, maegesho ya magari karibu na Aga Khan Walk hugeuka uwanja wa skeiti kwa sababu magari ni machache. Jumatatu magari hurudi. Kaunti ya Nairobi iwatengee kipande cha ardhi cha kudumu katikati ya mji, kiwe cha zege na chenye miteremko ya kimo tofauti, na kiwe wazi kwa mtoto asiye na senti mfukoni.