Nilikatwa tumbo, nikawaambia ni ngiri

Ndugu msomaji, makala za ukurasa huu kwa kawaida huwakumbusha watu wengine. Hii ya leo inanishitaki mwenyewe. Uongo wangu niliusema mbele ya watu, ndani ya msikiti, na sheikh niliyemwendea aliniambia kwamba madhara yaliyofanywa hadharani hayatengenezwi kwa istighfari ya chumbani peke yake.

Mimi ni mwalimu wa darsa katika msikiti mmoja wa Temeke, jijini Dar es Salaam. Kwa miaka mingi nimesomesha baada ya Alasiri, na katika Hadith nilizozirudia mara nyingi ni ile aliyoipokea Imam Tirmidhi kutoka kwa Miqdam bin Maadi Karib, inayotufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi. Niliisomesha vizuri, na sharhe yake naijua. Niliisomesha nikiwa na kilo 146.

Kila mmoja anajua jinsi wasiotupenda wanavyotutania Waislamu kwa ubwabwa. Mimi nilikuwa ushahidi wao unaotembea. Kwenye walima na khitma watu walinitengea nafasi ya wawili pembeni ya sinia, na mimi nikaipokea kama heshima ya elimu.

Hata hivyo nataka niseme jambo moja kabla sijaendelea, maana najua wapo watakaosema kwamba mtu mnene ni mtu asiye na imani. Si kweli, na anayesema hivyo hajui anachokisema. Nimekula sinia moja na watu wembamba walionishinda kwa mbali kwa kula, wakaamka asubuhi mikanda yao ipo palepale. Nimefunga, nimeacha wali, nimetembea kutoka Temeke hadi Kariakoo kila Jumamosi. Mwaka 2018 nilipungua kilo 18, na baada ya mwaka mmoja zilirudi 22. Daktari alinieleza baadaye kwamba mwili uliokwisha kuzoea uzito mkubwa hupigana kuurudisha: njaa huongezeka na matumizi ya nguvu hupungua. Israfu tumekatazwa, aya ya 31 ya Suratul A'raf iko wazi, na sehemu yangu ya israfu naikiri. Lakini hayo mengine ni maradhi, na Shirika la Afya Duniani linayahesabu kuwa ni maradhi.

Kufikia mwaka 2021 nilikuwa na sukari, nina presha, na usiku pumzi zilikatika nikiwa usingizini hata mke wangu akawa halali, ananitikisa. Magoti nayo yalikwisha. Nikawa nasali juu ya kiti mwisho wa safu. Tumefundishwa kwamba mja huwa karibu zaidi na Mola wake akiwa kwenye sijda, na mimi mwalimu wa kuyasema hayo nilikuwa nainamisha kichwa tu, paji langu la uso halijagusa mkeka kwa miezi kumi na minne. Hilo ndilo lililonipeleka hospitali. Sukari peke yake isingenipeleka.

Daktari alichukua kilo zangu, akazigawa kwa urefu wangu wa mita 1.70 uliozidishwa kwa wenyewe, ikaja zaidi ya 50. Kwa muda mrefu madaktari walifuata kiwango kilichowekwa Marekani mwaka 1991, kwamba anayefikia 40, au 35 akiwa na maradhi kama sukari, anaweza kufikiriwa kwa upasuaji. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vikashusha: kuanzia 35 hata kama hana maradhi mengine. Mimi nilikuwa nimevuka viwango vyote. Hapa nyumbani hospitali ya Mloganzila imekuwa ikiwawekea watu puto tumboni, lakini puto huondolewa baada ya muda, na kwa hali yangu nilishauriwa kukatwa.

Ndipo nikaenda kwa sheikh niliyesoma kwake. Hofu yangu ilikuwa ile aya ya 119 ya Suratun Nisaa kuhusu kubadilisha maumbile ya Allah. Hakunijibu haraka. Aliuliza kama daktari ni mwaminifu katika kazi yake, kama njia nyepesi nimezijaribu, na kama hatari ya kisu ni ndogo kuliko hatari ya kubaki nilivyo. Kisha akanikumbusha habari ya Arfaja, aliyekatwa pua vitani siku ya Kulab. Akaweka pua ya fedha, ikaoza na kutoa harufu, na Mtume (s.a.w) akamwamuru aweke ya dhahabu, wakati dhahabu ni haramu kwa wanaume. Akasema anayejikata ili apendeze katika picha ana hukumu yake, na anayejikata ili asujudu ana hukumu nyingine. Nikamuuliza na kuhusu fedha, maana nilizokuwa nazo nilikuwa naziweka kwa ajili ya Hijja. Akanitazama magoti. "Utatufu vipi, mwanangu?"

Nilikwenda Chennai, India, mwezi Septemba 2022. Wiki mbili kabla nilikula kidogo sana ili ini lisinyae, kwa kuwa ini la mtu mnene hujaa mafuta na kumzibia daktari njia. Walinitoboa matundu madogo matano, wakaingiza kamera na vyombo, wakakata kama robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, wakaitoa nje na kuufunga uliobaki kwa safu ya pini ndogo. Kilichobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo hutengeneza kwa wingi kichocheo cha njaa, na kwa hiyo njaa yenyewe hupoa kwa muda. Hatari zipo: mshono kuvuja, damu kuganda miguuni na kupanda kwenye mapafu. Nilitia saini nikiwa nimeandika wasia.

Wakiwa ndani walikuta pia ngiri ndogo ya juu, pale umio linapopita kuingia tumboni, wakaishona. Hapo ndipo msiba wangu ulipoanzia.

Kabla sijaondoka nilikuwa nimeshawaambia jamaa wa msikitini kwamba nakwenda kufanyiwa upasuaji wa ngiri, kwa sababu kipimo kilikuwa kimeionyesha. Nilijiambia kwamba si uongo. Nilijiona hodari wa lugha. Wakaniombea dua siku ya Ijumaa, wakanichangia, nikakabidhiwa bahasha yenye shilingi 340,000. Mzee mmoja muuza kahawa aliongeza elfu kumi yake mkononi mwangu. (Huku kwetu ngiri ina maana yake nyingine, na wazee wawili walinivuta pembeni kunielekeza mizizi. Nikavumilia na hilo.)

Imam Muslim amepokea habari ya Mtume (s.a.w) alipopita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akadai mvua ndiyo iliyoinyeshea. Mtume (s.a.w) akamuuliza kwa nini basi hakuiweka ile mbichi juu watu wakaiona, kisha akamkana kila mwenye kughushi. Nafaka ya juu ya yule bwana ilikuwa nafaka ya kweli. Ngiri yangu pia ilikuwa ngiri ya kweli.

Nikarudi nyumbani. Wiki mbili ni maji, maziwa na supu iliyochujwa, kijiko kwa kijiko. Kisha vyakula laini, kisha samaki na kuku kidogo, nyama au yai kwanza na wali mwisho, bila kunywa maji pamoja na chakula. Nikizidisha tonge moja, kifua kinabana na chakula kinarudi. Mwezi wa nne nywele zilidondoka. Vidonge vya vitamini, madini ya chuma na chokaa ni vya maisha, na nililazimika kutafuta visivyotengenezwa kwa jelatini ya nguruwe. Lakini baada ya miezi saba, Alfajiri moja, nilikisogeza kiti kando nikashuka taratibu. Paji la uso likagusa mkeka. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Ramadhani ya mwaka 2023 ilinikuta na miezi sita tu tangu kukatwa. Daktari alinikataza kufunga, kwa kuwa tumbo langu lilikuwa bado halipokei maji ya kutosha kati ya Magharibi na Alfajiri. Ruhusa ya mgonjwa iko katika Suratul Baqarah, na qadha nimekwisha kuilipa. Tatizo ni kwamba ngiri haimzuii mtu kufunga miezi sita baadaye. Basi nikawa nakunywa supu chumbani mlango umefungwa, jioni nakwenda msikitini kufuturu kwa tende na jamaa kama mtu aliyefunga. Uongo mmoja huwa haukai peke yake.

Kilo zikawa zinashuka na watu wanaona. Wakaniuliza, ustadhi, unafanyaje? Nikajibu kwamba nimeshikamana na Sunna: funga ya Jumatatu na Alhamisi na kupunguza wali. Nikaongeza Hadith ya mafungu matatu. Darsa ilijaa wakati huo kuliko miaka yote. Nilikuwa nimefikia kilo 103, na sifa za pini za Chennai nilizibandika kwenye Sunna ya Mtume (s.a.w), jambo ambalo hata kuliandika linanitetemesha.

Katika wasikilizaji wangu alikuwamo kijana fundi cherehani, mnene kama nilivyokuwa, mwenye sukari anayekunywa vidonge. Alifunga Jumatatu na Alhamisi, kisha akaongeza zile siku nyeupe za kila mwezi. Vidonge akavimeza wakati wa daku kama kawaida yake, bila kumuuliza daktari, kwa kuwa ustadhi hakusema habari ya daktari. Alhamisi moja ya mwezi Agosti, kabla ya Magharibi, aliangukia cherehani. Sukari yake ilikuwa imeshuka mno. Alilazwa siku mbili, na ni rehma ya Allah kwamba mwanafunzi wake alikuwa karibu.

Mke wake alikuja nyumbani. Nilidhani amekuja kunilaumu. Kumbe alikuja kuuliza.

"Ustadhi, mwenzangu amefuata yote uliyomwambia. Miezi mitatu amepungua kilo tatu. Analia usiku, anasema wewe umefanikiwa kwa sababu ya imani yako, na yeye imani yake ndogo. Kama kuna dua umeisahau kumpa, mpe."

Ndugu msomaji, mke wangu alikuwa nyuma ya pazia na chai ya mgeni mkononi. Alipotoka aliiweka mezani bila kunitazama.

Siku ile ile usiku nilikwenda kitandani kwa yule kijana, nikafunua fulana, nikamwonyesha makovu matano. Nikamweleza kila kitu: kisu, fedha, supu ya chumbani, ngozi iliyobaki ikining'inia, na hata lile ambalo nisingependa lijulikane, kwamba tangu nifike 103 nimekwisha kurudisha kilo sita. Maana tumbo limekatwa lakini nafsi hawakuigusa. Pilau hainiingii, lakini chai ya maziwa yenye sukari hupita bila kizuizi, kikombe baada ya kikombe, na mimi nilizipitisha. Alinisikiliza akiwa kimya. Mwisho akasema, "Kwa hiyo si imani yangu?" Nikamwambia si imani yako, ni ulimi wangu.

Ijumaa iliyofuata nilimwomba imamu nafasi baada ya Swala, nikayasema haya niliyoyaandika hapa. Wapo waliokasirika, na wana haki. Darsa imepungua watu, na baadhi ya waliobaki sasa huniuliza dalili ya kila ninalosema, jambo ambalo walipaswa kulifanya tangu mwanzo. Wawili waliniita pembeni kuuliza anwani ya hospitali. Niliwaambia waanze kwa daktari wa hapa hapa, wapimwe, waelezwe na hatari zake.

Zile 340,000 nilizirudisha kwa mweka hazina ili wenyewe waamue. Wengi walisema ni za matibabu na umetibiwa, ziende kwa mgonjwa mwingine. Elfu kumi ya mzee muuza kahawa nilimpelekea mwenyewe pale kijiweni kwake. Aliipokea.

"Mimi nilitoa ya ngiri," alisema, akaikunja na kuitia mfukoni. Kisha akanimiminia kikombe cha kahawa, nikamlipa.

Yule fundi sasa anahudhuria kliniki ya sukari kila mwezi, na vidonge vyake vimebadilishwa. Hafungi Sunna mpaka daktari wake aridhie. Kuhusu kukatwa tumbo, anasema bado anafikiri, na kila akinikuta ananiuliza swali jipya. Juzi aliuliza kama maumivu ya mabega baada ya upasuaji ni kweli. Nikamwambia ni kweli, ni ile hewa wanayoijaza tumboni ili waone vizuri, na huisha baada ya siku chache.