Jina Lisiloandikwa

Msomaji mpenzi, wahenga walisema kuwa mwacha asili ni mtumwa. Basi ni jambo jema mtu kutafuta nasaba yake. Zamani aliyetaka kuijua aliketi karibu na wazee akasikiliza. Siku hizi iko njia nyingine pia. Huko Uingereza, madaftari ya wapiga kura wa miaka mingi iliyopita yamepigwa picha na kuwekwa katika intaneti. Mjukuu huandika jina la ukoo na la mji, na punde kompyuta humwonyesha jina la babu yake, mahali alipokaa, na mwaka aliokuwa hapo. Furaha yake ni kubwa, kwani aliyekuwa kivuli sasa amepata nyumba na mtaa.

Lakini furaha hiyo huzaa swali. Je, asiyeonekana katika daftari hakuwapo? Au alikuwapo, ila hakuhesabiwa?

Tazama jinsi madaftari hayo yalivyoandikwa. Yalianza kwa sheria ya mwaka 1832, nayo yaliwataja wanaume wenye mali ya kadiri fulani tu. Fukara aliyejenga nyumba za matajiri hakuandikwa. Mke wa fukara na mke wa tajiri walikuwa sawa katika jambo hili, maana hapana hata mmoja wao aliyeweza kumchagua mjumbe wa Bunge. Mwaka 1918 waliruhusiwa wanawake waliotimiza miaka 30 na masharti ya mali. Usawa na wanaume ulikuja mwaka 1928. Basi mjukuu asipoliona jina la bibi yake kati ya wapiga kura wa Bunge wa mwaka 1900, asiseme hakuwapo. Huenda bibi huyo ndiye aliyemlea yule ambaye jina lake laonekana. Tena akitafuta daftari la mwaka 1916 au 1917 hatalipata, kwa kuwa wakati ule wa vita halikutengenezwa. Watu walikuwapo, kalamu ndiyo iliyokosekana.

Pengine wadhani habari hizi ni za mbali. Njoo nyumbani. Mwezi wa Machi mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Haki ya kura ilipimwa kwa elimu, mapato, mali, utumishi na mengine kama hayo. Mtu mmoja aliweza kuwa na kura tatu, na jirani yake asiwe na hata moja. Wakikuyu, Waembu na Wameru walidaiwa pia hati ya kuthibitisha utiifu wao kwa serikali ya kikoloni, kwani zilikuwa siku za Hali ya Hatari. Kura kwa kila mtu mzima ilipatikana mwaka 1963.

Siku moja niliwaeleza wanafunzi wangu habari hizi. Mmoja akasema kwa fahari kwamba babu wa baba yake alikuwa na kura tatu. Mwenzake akainamisha kichwa, maana wa kwao alikuwa kizuizini. Niliona haya, mimi niliyefundisha tarehe nikasahau watu. Nikawauliza: aliyepewa kura kwa sababu ya elimu yake ana kosa gani? Na aliyenyimwa, utu wake ulipungua nini? Darasa likanyamaza, hata yule aliyejisifu.

Jibu langu ni hili. Daftari ni shahidi mkweli wa mambo machache. Latuambia nani alikubaliwa na wenye mamlaka. Halina uwezo wa kutuambia nani alikuwa mwema, wala nani alistahili. Anayelitumia kama mizani ya heshima huwadhulumu wafu mara ya pili.

Kwa hiyo tafuta, msomaji wangu. Ukiliona jina la mzee wako, furahi, kisha uulize ni nani walioishi naye nyumba moja bila kuandikwa. Usipoliona, nenda kwa wazee wangali hai, uandike kwa mkono wako wanayokumbuka. Na utakapotimiza miaka 18, ukaitwa kujiandikisha, kumbuka waliotamani mstari mmoja katika daftari hilo wasiupate.