Je, Mtetezi wa Wafungwa Apokee Fedha ya Mtawala?

Liko swali moja ambalo huwasumbua watu wote waliopewa kazi ya kusema kwa ajili ya wengine, tangu mzee wa baraza la kijiji hata wakuu wa vyama vikubwa vya Ulaya. Swali lenyewe ni hili: mtu ana neno la kweli juu ya mwenye nguvu, tena ana maskini wanaomlilia, naye mwenye nguvu akamletea fedha kwa siri ili awasaidie maskini hao. Je, azipokee? Wengi hujibu upesi. Mmoja husema, Mtoto mwenye njaa haulizi unga umetoka kwa nani. Mwingine husema, Mzee aliyekula mbuzi wa mshitakiwa hawezi tena kuketi barazani. Mimi naona wote wawili wamesema kweli, na ndiyo sababu swali hili ni gumu. Basi nimeona vema tulitazame katika maisha ya mtu mmoja, Mwingereza, jina lake Peter Benenson, aliyeanzisha chama cha Amnesty International, ambacho kazi yake ni kuwatetea wafungwa walioonewa.

Alizaliwa London tarehe 31 Julai 1921. Baba yake, Harold Solomon, alikuwa afisa wa jeshi, akafa mtoto akali mdogo. Mama yake, Flora, alitoka katika ukoo wa Wayahudi matajiri wa Urusi, na jina la Benenson ni la ukoo huo. Mwana alilitwaa alipokuwa mtu mzima, kwa heshima ya babu yake. Akasomeshwa Eton, shule ya wana wa wakubwa, kisha Oxford. Alipokuwa kijana wa miaka 16 hivi, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vikiwaka Hispania, naye akawashawishi wenzake shuleni wawasaidie yatima wa vita vile. Baadaye akachangisha kwa rafiki zake na jamaa zao pauni 4,000 ili vijana wawili Wayahudi watolewe Ujerumani ya Hitler na kuletwa Uingereza. Nataka msomaji aliweke jambo hili moyoni: tangu ujana wake alizoea kuwaomba wakubwa aliowafahamu, nao wakampa. Milango ambayo wewe na mimi hubisha kutwa nzima, yeye aliipita bila kubisha. Kipawa hicho kilimfaa sana, tena ndicho kilichomponza.

Baada ya Vita Kuu ya Pili akawa wakili. Chama kikuu cha wafanya kazi wa Uingereza kilimtuma Hispania kuangalia jinsi watu walivyohukumiwa huko chini ya Jenerali Franco. Mwaka 1957 alikuwa miongoni mwa mawakili walioanzisha chama kiitwacho Justice, na mwaka 1958 akaingia katika Kanisa Katoliki. Mwezi wa Novemba 1960, kama alivyosimulia mwenyewe, alikuwa katika gari la moshi liendalo chini ya ardhi mjini London, akasoma gazetini kwamba huko Ureno, katika utawala wa Salazar, wanafunzi wawili wamefungwa miaka saba kwa sababu waliinua vikombe wakanywa kwa heshima ya uhuru. (Waliopekua magazeti ya siku zile hawakuiona habari hiyo kama alivyoikumbuka yeye, lakini wafungwa wa Salazar walikuwapo kweli, wala hawakuwa wawili.) Akashuka, akaingia katika kanisa la St Martin-in-the-Fields, akaketi humo akifikiri. Alitaka kwanza kwenda peke yake kwa balozi wa Ureno kulalamika, kisha akaona haitafaa kitu. Mtu mmoja aliyekasirika hufukuzwa mlangoni. Watu elfu wakiandika barua juma moja, hata karani wa gereza huanza kuuliza, Mfungwa huyu ni nani?

Tarehe 28 Mei 1961 gazeti la The Observer likachapa makala yake juu ya wafungwa waliosahauliwa. Ilikusudiwa kuwa kazi ya mwaka mmoja tu, akisaidiwa na Eric Baker, Mkristo wa jamaa ya Quaker, na wakili Louis Blom-Cooper. Lakini makala ilichapwa tena katika magazeti ya nchi nyingine, barua zikaja kwa wingi, na kabla mwaka haujapita kazi ile imekuwa chama cha kudumu.

Shauri lao lilikuwa jepesi, tena la akili. Watu wachache wa mtaa au wa usharika walijiunga kuwa kikundi, wakapewa wafungwa watatu wawe kama jamaa zao: mmoja katika nchi za Magharibi, mmoja katika nchi za Wakomunisti, mmoja katika nchi nyingine za Afrika au Asia. Waliwaandikia mawaziri na wakuu wa magereza, wakamwandikia na mke wa mfungwa, asidhani kwamba mumewe amesahauliwa. Kwa nini watatu? Ili mtu asije akapenda haki upande mmoja tu. Yule aliyewachukia Wakomunisti ilimlazimu kumwombea mtu aliyefungwa na rafiki za nchi yake. Na yule aliyewapenda Wakomunisti ilimlazimu kuuliza kwa nini Askofu Mkuu Josef Beran wa Praha, ambaye Wajerumani walikuwa wamemfunga Dachau, alizuiliwa tena na serikali ya Kikomunisti tangu mwaka 1949. Tena, kwa miaka mingi, kanuni ilikuwa kikundi kisimtetee mfungwa wa nchi yake chenyewe. Neno hili naliona kuwa la hekima, kwa maana sisi sote tu wakali juu ya maonevu ya mbali na wapole juu ya yale ya nyumbani; lakini atajapo ya nyumbani mtu wa mbali, hasemwi kuwa anatafuta cheo.

Walimtetea mtu wa namna gani? Walimwita mfungwa wa dhamiri: mtu aliyefungwa kwa ajili ya imani yake, au fikira zake, au rangi yake, asiyetumia nguvu wala kuwahimiza wengine kuitumia. Kanuni hiyo ilijaribiwa mapema. Nelson Mandela wa Afrika ya Kusini alipofungwa mwaka 1962 alitetewa na chama. Lakini mwaka 1964, baada ya kukiri mbele ya hakimu kwamba alishiriki katika kuanzisha jeshi la kuharibu mali ya serikali, wanachama waliulizwa, na wengi sana wakasema kanuni isimame. Wakaendelea kusema juu ya hukumu yake na hali ya gereza lake, lakini jina la mfungwa wa dhamiri wakamwondolea. Waafrika wengi walichukizwa, nami siwalaumu. Ni rahisi kumwambia mtu asiinue mkono, ikiwa wewe hukupigwa. Walakini, kama chama kingemtetea kila mwenye silaha ambaye sababu yake ni njema, ingekipasa kuhukumu vita vyote vya dunia, na kila serikali ingesema, Hawa ni adui zetu, barua zao zitupwe. Mandela mwenyewe hakuweka kinyongo. Mwaka 2006 alipokea kutoka kwa chama hicho heshima ya kuitwa balozi wa dhamiri.

Tena yuko Agostinho Neto, ambaye picha yake ilichapwa pamoja na makala ile ya 1961. Alikuwa tabibu na mtunga mashairi wa Angola, mwana wa mchungaji wa Kimethodisti, aliyekamatwa na Wareno mwaka 1960. Mwaka 1975 akawa rais wa kwanza wa Angola. Tarehe 27 Mei 1977 watu wa chama chake mwenyewe walimwasi. Maasi yakavunjwa, kisha watu wengi mno wakakamatwa na kuuawa pasipo hukumu. Na mwaka uo huo wa 1977 Amnesty International ilipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Watu huuliza kwa dhihaka, Mwaonaje, mliyemwombea amekuwa mfungaji? Mimi nauliza, Je, mwaka 1961 alistahili kufungwa? Hakustahili. Basi walimtetea sawasawa. Anayemtoa mtu shimoni haweki dhamana ya mwenendo wake wa miaka yote.

Sasa nije kwenye fedha. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao bila idhini ya Uingereza, wala bila kuwauliza Waafrika. Waafrika wengi walikuwa kizuizini pasipo hukumu. Joshua Nkomo na Robert Mugabe walikaa humo hata mwaka 1974. Jamaa zao walikosa chakula na karo za shule, na mawakili walihitaji kulipwa. Benenson akafanya kama alivyozoea tangu ujana: akawaendea wakubwa. Serikali ya Waziri Mkuu Harold Wilson ikatoa fedha kwa siri, nazo zikapelekwa Rhodesia kwa jina la kazi ya chama, wanachama wasijue zimetoka wapi. Mwezi wa Machi 1967 jambo hilo likatokea magazetini.

Mwaka uliotangulia, 1966, tabibu mmoja, Selahaddin Rastgeldi, alitumwa Aden na wanachama wa Sweden. Aden ilikuwa bado chini ya Waingereza. Akarudi na ushuhuda kwamba watu waliokamatwa huko waliteswa walipohojiwa na Waingereza. Benenson aliona kwamba habari hiyo inakaliwa katika ofisi ya London, akashuku kwamba watumishi wa siri wa serikali wameingia katika chama, akamtilia shaka hata katibu wake, Robert Swann. Akaenda Aden mwenyewe, akayatangaza mambo aliyoyasikia. Basi tazama: mkono mmoja unapokea fedha ya Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkono wa pili unaishitaki Uingereza kwa ajili ya Aden.

Wako wasemao kwamba jambo hili lamtolea Benenson ushuhuda mwema, maana fedha haikumfunga kinywa. Ni kweli, haikumfunga, na yafaa kusemwa. Lakini madhara ya fedha ya siri si kufunga kinywa tu. Tuwafikiri kwanza wale jamaa wa wafungwa. Smith alikuwa akisema kwamba wapinzani wake wanatumwa na watu wa ng'ambo. Mama aliyepokea karo ya mwanawe alidhani imetolewa na Wakristo na watu wema waliokusanya shilingi zao. Kumbe ametiwa, bila kuulizwa, katika ugomvi wa serikali mbili, na adui wa mumewe amepewa neno la kusema. Labda angeulizwa angekubali, maana njaa ni kali. Lakini hakuulizwa.

Wafikiriwe na wanachama. Walikuwa wakiyaandikia mataifa yote wakisema, Sisi hatutumwi na mtu. Waliandika maneno hayo kwa moyo safi, na mkuu wao alijua kwamba si kweli yote. Fedha yenyewe haikuwa na dhambi. Kuwalisha wale watoto lilikuwa jambo jema, na kama serikali ingetaka kuwalisha ilikuwa na njia zake. Kosa lilikuwa siri, kwa sababu iliwanyang'anya wengine nafasi ya kukataa.

Hata Benenson mwenyewe iliingia ndani yake. Mtu akiwa na siri na mtawala, huanza kudhani kwamba kila mwenzake anayo pia. Sisemi kwamba shaka zake zote zilikuwa bure; serikali nyingi za siku zile zilipenda kutia watu wao katika vyama. Nasema tu kwamba yeye mwenyewe hakuwa tena na mahali pa kusimama ili awaulize wenziwe kwa sauti kuu. Mwezi huo wa Machi 1967 wakuu wa chama walikutana Elsinore katika Denmark, wakaipokea barua yake ya kujiuzulu, na cheo chake cha urais kikafutwa. Eric Baker akaishika kazi, na mwaka 1968 Martin Ennals akawa katibu mkuu. Wengi walidhani chama kitakufa, hakikufa. Hata leo, kwa kazi yake ya kuchunguza na kushitaki maonevu, hakipokei fedha ya serikali yo yote. Hutegemea michango ya wanachama, na michango hiyo ni midogo midogo.

Benenson aliishi karibu na Oxford, akalima, akaandika. Kwa kuwa ugonjwa wa tumbo ulimkataza mkate wa ngano, alianzisha mwaka 1968 chama cha kuwasaidia wagonjwa kama yeye. Baadaye akafanya kazi na Wakristo wanaopinga mateso. Katika miaka ya 1980 yeye na Amnesty International walipatana tena. Alikufa tarehe 25 Februari 2005, mwenye miaka 83. Husimuliwa kwamba kila alipoandikiwa na waziri mkuu habari ya kupewa cheo cha heshima cha Kiingereza, alikaa akaipiga chapa barua yake mwenyewe, akitaja mmoja mmoja maonevu ambayo serikali hiyo ingepaswa kuyaondoa kwanza.