Mkono Nilioukataa

Kwetu Mshangano salamu haiishii mdomoni. Ukikutana na mtu mzima njiani unasimama, unatua mzigo, unampa shikamoo, kisha mikono inashikana, na inaendelea kushikana huku mkiulizana habari za nyumbani, za watoto na za mahindi. Mwenye haraka huonekana hana adabu. Nimezeekea katika desturi hiyo, wala sikuwahi kuifikiria mpaka siku niliyoivunja.

Msomaji wangu atakumbuka kwamba tarehe 16 Machi 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, kule Arusha, na kesho yake shule zikaamriwa kufungwa. Arusha ni mbali na Songea, lakini habari haihitaji nauli. Baada ya muda si mrefu mitaa yetu ilibadilika sura. Madukani ziliwekwa ndoo zenye koki pamoja na kipande cha sabuni. Watoto walitengeneza vibuyu chirizi kwa madumu ya mafuta ya kula. Mafundi cherehani wakashona barakoa za vitenge. Kanisani tuliacha kutakiana amani kwa mikono. Hata penye ulanzi, kwa kuwa ulikuwa msimu wake, kikombe kilichozoea kuzunguka kutoka mdomo hadi mdomo kilisimama, na kila mtu akaja na kopo lake. Wapo waliocheka, wapo waliojifukiza asubuhi na jioni. Lakini shamba halingoji, na maisha yaliendelea.

Asubuhi moja jirani yangu, mzee aliyekwisha kuvuka miaka sabini, alifika uani kwangu kama alivyofika miaka yote. Alinyosha mkono. Mimi nikaupeleka wangu nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyeficha sukari. Sikusema neno. Alibaki na mkono wake hewani kitambo kidogo, kisha akaufuta kwenye koti, na kusema taratibu, "Kumbe na wewe, Mwalimu, umeshaanza kuniogopa." Akageuka. Tangu siku ile akawa anapita njia ya juu, ambayo ni ndefu kwa miguu yake.

Nilijitetea moyoni kwa muda mrefu. Nilijiambia kwamba nilimkinga yeye. Ugonjwa huu uliwaelemea zaidi wazee. Mjukuu wangu alikuwa ametoka Dar es Salaam kwa basi siku chache kabla. Huenda mimi ndiye niliyekuwa hatari kwake. Hoja hizi zote ni za kweli. Lakini nikijihoji bila kujionea haya, naona kwamba wakati ule sikumfikiria yeye hata kidogo. Nilijifikiria mwenyewe. Huruma nilikuja kuitia baadaye, kama mtu anayepaka chokaa ukuta uliokwisha kupasuka.

Je, nia ina uzito gani hapo? Kirusi hakimwulizi mtu nia yake. Mkono usioshikwa kwa woga na mkono usioshikwa kwa upendo hukinga sawasawa. Mtu anaweza kusema basi, kazi imefanyika, moyo ni shauri la Mungu. Siridhiki na jibu hilo, kwa sababu jirani si kirusi. Yeye huuliza nia, tena huuliza kwanza.

Jambo la pili lilinitia aibu zaidi. Wiki ileile tulikuwa na msiba mtaani. Mvua ilinyesha usiku, tukabanana sebuleni, madirisha yamefungwa, tukiimba mpaka usiku wa manane, na mzee yule alikuwa humo humo. Baadaye tumejifunza kwamba hewa ya chumba kilichofungwa ilikuwa na hatari kubwa kuliko mkono ulionawa sabuni. Kwa hiyo nilimnyima mzee mkono uani, penye upepo, nikaenda kuvuta naye hewa moja ndani. Nilimtweza, wala sikumkinga.

Sisi wa rika langu tulipaswa kujua. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa na wagonjwa. Tuliona watu wakitengewa vikombe na sahani, ingawa ugonjwa ule hauambukizwi kwa kikombe. Tahadhari ile haikumwokoa mtu. Iliongeza machozi tu. Tahadhari isiyo na maarifa ni ukatili. Korona ilinifundisha kwamba hata tahadhari yenye maarifa, ikikosa neno, yaweza kuwa ukatili vilevile.

Na neno lilikuwa adimu miezi ile. Mwezi Mei 2020 hesabu ya nchi ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na takwimu zikakoma kutolewa kwa zaidi ya mwaka. Kila mtu akawa hakimu peke yake: msiba gani aende, nani ampe mkono. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuficha maradhi, nilificha sababu.

Wakati wa kuvuna mahindi nilikwenda kwake. Nikasimama mbali kidogo, nikaweka mkono kifuani. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Nilikukosea. Sikukuambia kwa nini."

Akaendelea kupukuchua. Mwishowe akasema, "Mkono ningekusamehe siku ileile. Ulininyima hata maneno."

Sasa naamini kwamba desturi ni kama chombo, na heshima ndiyo iliyomo ndani. Chombo kikivunjika kwa dharura, mwenye heshima hutafuta kingine mara moja: mkono kifuani, sauti kutoka mbali, sababu iliyosemwa wazi. Mimi nilivunja chombo nikamwaga na kilichomo.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya korona imekwisha. Ndoo nyingi zimerudi jikoni. Mzee bado yupo, naye amerudia njia ya kwangu. Tunashikana mikono kama zamani, ila kwa tofauti moja. Zamani yeye ndiye aliyetangulia kuunyosha. Siku hizi hungoja kwanza aone wangu.