Armero Ilikuwa na Muda wa Kukimbia

Usiku wa tarehe 13 Novemba 1985, nchini Kolombia, mji wa Armero ulifunikwa na matope. Kati ya watu wapatao 29,000 waliokuwa wakiishi pale, karibu 20,000 walikufa. Ninailetea jamii yetu habari hii kwa sababu volkano iliyoleta matope hayo haikuwavizia watu. Ilibisha hodi mwaka mzima.

Volkano hiyo, Nevado del Ruiz, ni mlima wa zaidi ya meta 5,300 katika safu ya Andes, na kileleni kwake barafu haikauki. Hatari imelala hapo hapo. Hata mlipuko mdogo ukiigusa barafu ile, maji hushuka mabondeni yakizoa udongo, mawe na miti, mpaka yanakuwa tope zito linalokwenda kasi kuliko mtu anavyoweza kukimbia. Mwaka 1845 tope la namna hiyo liliua watu wapatao 1,000 katika bonde la mto Lagunilla. Baadaye mji wa Armero ukajengwa juu ya tope lilelile lililokauka. Ardhi ilikuwa na rutuba, pamba na mpunga vikastawi. Shamba kama lile hata mimi nisingelikataa.

Novemba 1984 ardhi ilianza kutetemeka. Watu wakazoea. Tarehe 11 Septemba 1985 mlima ulitema mvuke na majivu, na tope likateremka bondeni kilometa 27 kabla ya kusimama. Kwa kuwa halikufika mjini, wengi walihesabu kwamba yamepita. Oktoba wataalamu wakatoa ramani ya hatari, na Armero ilikuwa ndani ya eneo lililochorwa. Wapo viongozi waliosema ramani hiyo inatia watu hofu bure. Mapema Novemba waasi waliteka Jumba la Haki kule mji mkuu, Bogotá, na macho ya serikali yakageukia huko.

Ndugu msomaji, zitazame dalili hizo moja moja uone jinsi kila moja ilivyopata udhuru wake. Kuhama kuna gharama, na nani atalinda nyumba? Ndivyo tunavyojisemea sote tukiambiwa tuondoke.

Siku yenyewe, alasiri, majivu yaliunyeshea mji. Hiyo ilikuwa dalili ya kushika kwa mkono: mtu alipangusa meza akayaona vidoleni. Redioni na kanisani wakaambiwa watulie, wakae ndani. Jioni majivu yakakoma, mvua kubwa ikanyesha, watu wakalala. Baada ya saa tatu usiku mlima ukalipuka kweli, lakini mawingu na mvua vilikificha kilele, na umeme ukakatika. Tope lilifika Armero karibu saa tano na nusu.

Hesabu hapo. Zaidi ya saa mbili zilipita kati ya mlipuko na kifo, na vilima vilikuwa karibu, mwendo wa miguu tu. Kilichokosekana ni neno moja lililokubaliwa na wote, na watu kujua tangu mapema wapandie wapi. Tunaoishi chini ya milima ya moto, au kando ya mto unaofurika, tuulizane hili nyumbani kabla ya masika: tukiambiwa tuondoke usiku, nani anambeba bibi, na tunapita njia gani?

Kolombia ilijifunza. Siku hizi mlima ule unapimwa usiku na mchana kutoka mji wa Manizales. Hata hivyo, mwaka 2023 ulipotetemeka tena kwa nguvu na serikali ikataka familia za jirani zihame, wengi walikataa. Walikuwa na ng'ombe wa kukamua na viazi shambani. Safari hiyo mlipuko mkubwa haukutokea, na waliobaki walikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba walifanya vema.